Hita inapiga shoti, sola imelipa jua kisogo: maswali yenu ya maji ya moto

Kusi limeshaanza kuvuma na maswali ya safari hii karibu yote ni ya maji ya moto. Wa pwani huku Mtwara mjini na Lindi mnauliza hita za bafuni, Newala mnauliza sola, na kuna dada mmoja mdogo wake yuko Scotland anatetemeka chumbani. Nimechukua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu makusudi kwa sababu limenitisha, naomba hata kama hita yako haina shida ulisome.

*Habari fundi. Tupo Naliendele, nyumba tumemalizia mwaka huu kwa hela ya korosho. Tuna kisima cha kuchimba, maji yana chumvi kidogo ila tunaoga na kufulia. Bafuni tumefunga ile hita ya juu ya shawa. Sasa ukiwa unaoga ukigusa koki unasikia kama sindano mkononi, baba yao anasema anaisikia mpaka begani. Fundi aliyefunga tulimwita akasema ndo kawaida ya hizi hita, tuvae ndala tu. Watoto wameshagoma kuoga. Ni kweli kawaida?*
Mama wa watatu, Naliendele

Hapana mama. Si kawaida hata kidogo. Kabla hujaendelea kusoma nenda kwenye meni switchi uzime breka ya hita, kama huijui ni ipi zima zote, halafu asioge mtu kwa ile shawa mpaka irekebishwe. Chemsheni maji jikoni muoge kwa kopo, hata ikichukua wiki mbili. Ndala zikishalowa maji na sabuni usizitegemee kwa lolote, na mtoto akishika koki kwa mkono mmoja huku mwingine ameegemea ukuta uliolowa umeme unapita kifuani, kwenye moyo. Watoto wako wamegoma na wana haki.

Sasa nikueleze kinachotokea ili fundi mwingine akija asikuzungushe. Hita nyingi za bei ndogo za juu ya shawa ndani yake kuna waya umejizungusha kama springi, na ule waya uko uchi, maji yanapita juu yake moja kwa moja. Maji matamu, kama ya mvua, hayapitishi umeme kirahisi, kwa hiyo kinachovuja ni kidogo na kama ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, ni nzima kinaishia huko hukisikii. Maji ya chumvi ni kitu kingine kabisa, chumvi iliyoyeyuka ndo inayobeba umeme, basi umeme unatoka kwenye koili unasafiri na maji mpaka kwenye koki ya chuma, ukigusa na wewe umeshakuwa njia yake.

Kwa hiyo hita mliyouziwa haiendani na maji yenu. Zipo hita za maji chumvi, ukienda duka la vifaa vya umeme ukisema hivyo hivyo "ya maji chumvi" wanaelewa, ile elementi yake imo ndani ya kibomba cha chuma maji hayagusi waya. Inazidi bei, najua, lakini kwa maji ya visima vyetu vya huku pwani mimi sifungi nyingine, mteja akikataa nafunga zana zangu naondoka. Na msidanganyike na ule ukoko mweupe wa kwenye birika, ule ni chokaa, maji yanaweza yasiwe na ukoko na bado yana chumvi ya kutosha kuua. Yaonje, na ukipata mtu mwenye kile kipimo kidogo cha chumvi ya maji mwambie apime.

Hapo bado hatujafika kwenye ethi, na ethi ndo inayonikosesha usingizi. Mchanga wetu huu ukikauka haupitishi umeme vizuri. Fundi anachomeka nondo fupi ya ethi nyuma ya nyumba mwezi wa pili ardhi ina maji, anaona kazi imeisha, ikifika mwezi wa nane ile nondo imesimama kwenye mchanga mkavu kama imesimama hewani. Tuseme ukinzani wa njia yako ya ethi ni omu 50. Umeme wa volti 230 ukivuja hapo zinapita ampea 4.6 tu, na breka ya hita ni ya ampea 32, haioni kitu kabisa, itakaa imewaka mwezi mzima na koki yako ina umeme. Ndo maana mnapigwa na breka haikati, na wengi mnaona kwa vile breka haijakata basi mambo ni salama, kumbe breka kazi yake ni kulinda waya usiungue, haijui kama kuna mtu.

Kinachomlinda mtu ni RCD, mafundi wa zamani wanaiita ELCB. Hii inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, tofauti ikifika miliampea 30 inakata hapo hapo, kabla moyo haujaharibika. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, ikikataa kukata imekufa badilisha. Nimeshaingia nyumba moja Shangani nikakuta RCD imeungiwa kipande cha waya ipitwe pembeni, nikauliza kwa nini, naambiwa ilikuwa inasumbua inakata kila mtu akioga. Ilikuwa inakata kwa sababu umeme ulikuwa unavuja bafuni, na mtu akaondoa kitu pekee kilichokuwa kinawalinda watoto wa nyumba ile. Naomba sana, RCD ikikata tafuteni kinachovuja, msiipite.

Fundi mtakayemwita mumuulize leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, na muulizeni kama ana kipimo cha ethi. Asiyekuwa nacho asikwambie ethi iko poa kwa kuangalia kwa macho. Ikionekana ni mbovu ataongeza nondo nyingine, ndefu, achome kwenye sehemu inayobaki na unyevu mwaka mzima kama karibu na maji yanapomwagikia. Waya wa hita ya wati 5,500 uwe wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye meni switchi, wenye ethi yake, na mabomba ya chuma ya bafuni yaungwe na ethi hiyo hiyo. Mkishamaliza niandikie tena, nataka kujua.

*Fundi mambo vipi, mi niko Lindi mjini hita yangu ya shawa zamani ilikuwa inachemsha mpaka unapunguza, sa hivi vuguvugu tu hasa jioni jioni, ila nikioga usiku wa manane iko fresh. Nibadilishe koili?*
Kijana wa Mitwero

Kaka, usinunue koili. Uliposema usiku wa manane iko fresh umeshanipa nusu ya jibu. Koili ikikatika haichemshi saa yoyote. Kinachobadilika kati ya jioni na usiku wa manane ni umeme, jioni mtaa mzima wanapika wamewasha mafeni na pasi na nini, volti zinashuka. Na hita volti zikishuka kidogo joto linashuka sana, kwa volti 180 ile hita ya wati 5,500 inabaki kama wati 3,400 hivi.

Chukua ndoo ya lita 10 pima shawa yako inaijaza kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika 2 ni lita 5 kwa dakika, hapo umeme ukiwa mzima hita inaongeza kama nyuzi 16, maji ya bomba Lindi tuseme yanaingia na 26, yanatoka 42, safi. Jioni kwa volti 180 inaongeza nyuzi 10 tu, unapata 36, yani joto la mwili wako, lazima useme vuguvugu. Sasa funga koki kidogo mpaka ndoo ijae kwa dakika 3 na sekunde 20, ile ile hita na ule ule umeme mdogo inakurudishia 42. Ukifunga sana hita itazima yenyewe kwa sababu ndani kuna switchi inayosukumwa na presha ya maji, hiyo si ubovu, fungua tena kidogo.

Ila bado mtafute mwenye multimita jioni hita ikiwa inafanya kazi apime sehemu mbili, kwenye meni switchi na pale hita inapoungwa. Kama kwenye meni switchi ziko 225 na kwenye hita 195, tatizo liko ndani ya nyumba yako, waya mwembamba au kuna sehemu ya kuungia imelegea na inachemka, hiyo inachoma nyumba kwa hiyo usiiache hata siku moja. Kama zimeshuka kote kote basi ni laini ya mtaani, kaandikisheni malalamiko shirika la umeme, nendeni majirani wengi pamoja, mkiwa na namba za volti na saa mlizopima.

Shawa yako ikiwa na matundu yaliyoziba kwa weupe ilaze usiku kwenye siki au maji ya ndimu, asubuhi isugue na mswaki wa zamani.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Newala. Mwaka jana watoto wangu waliniwekea sola ya kuchemshia maji juu ya paa, ya mirija ya vioo, lita 200. Mwezi wa kumi na moja maji yalikuwa yanaunguza mkono. Sasa hivi mwezi wa sita, ambapo ndipo ninapoyahitaji, yanakuwa vuguvugu jioni na alfajiri ni baridi. Fundi alifuata kitabu kilichokuja nacho, kinasema itazame kusini. Maji yetu ni ya mvua, tunahifadhi kwenye tangi la chini. Je, mirija imekwisha nguvu?*
Mstaafu, Newala

Shikamoo mwalimu. Mirija yako haina tatizo, naamini hivyo kwa maelezo yako mwenyewe. Fundi alifuata kitabu vizuri sana, isipokuwa kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi zilizo kaskazini ya ikweta, kama China na Ulaya, ambako jua la mchana linakaa upande wa kusini. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita saa za mchana jua letu limelala upande wa kaskazini nyuzi kama 34 kutoka utosini. Thibitisha wewe mwenyewe mwalimu, simamisha kijiti uani saa sita na nusu mchana, kivuli kitalala kusini.

Kama sola yako imeinamishwa nyuzi 30 kuelekea kusini, mwezi huu jua la mchana linaipiga kwa ubavu, inapata chini ya nusu ya kile ambacho ingepata ikitazama kaskazini. Mwezi wa kumi na moja jua linakuwa limehamia kusini kidogo ya utosi, kwa hiyo pale ilikuwa imelitazama sawasawa ndo maana yalikuwa yanaunguza. Yani wewe una sola inayochemsha vizuri wakati wa joto na inalala wakati wa kipupwe, na kwa baridi la Newala alfajiri mwezi wa saba, ambalo watu wa pwani hata tukielezwa hatulielewi mpaka tuje tulale huko, hiyo ni kinyume kabisa.

Igeuzwe itazame kaskazini. Hii ni kazi ya fundi na vijana wawili, na mwalimu nakuomba usimame hapo chini wasifanye haraka. Mirija ifunikwe kwa turubai, kazi ianze alfajiri, na baada ya kugeuza wajaze maji kabla jua halijapanda. Mrija mtupu ukikaa juani unakuwa wa moto kupita kiasi, ukiingiza maji ya baridi saa saba mchana vioo vinapasuka, nimeshuhudia mirija kumi ikiondoka ndani ya dakika moja kwa sababu fundi alikuwa anawahi kazi nyingine. Wakati wamezitoa, waangalie chini ya kila mrija kama kuna mchanga au majani yaliyooza kutoka kwenye tangi la mvua. Maji ya mvua ni mazuri sana kwa mitambo hii, hayana chokaa ya kuweka ukoko, mtu wa Naliendele angetamani maji yako, lakini yanakuja na uchafu wa paa kwa hiyo weka chujio.

Kuhusu baridi ya alfajiri, angalia pia matumizi. Maji ya moto yakitumika yote jioni, ya baridi yanaingia tangini na usiku hakuna jua la kuyapasha. Jaribu wiki moja wajukuu waoge saa kumi jioni na kwa ndoo. Yakiwa bado baridi asubuhi hata mkiwa hamjatumia kitu, tangi limepoteza kinga yake ya joto, labda maji yameingia kwenye ile sponji ya kati, hapo tangi ndo la kubadilisha. Na wakati huu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho vumbi lake linatua kila mahali, vioo vioshwe mara moja kwa wiki, asubuhi vikiwa bado vya baridi.

*Nina gesti ndogo Mikindani, hita za tenki lita 50 kila chumba. Ile vali ya chini inadondosha maji kila hita ikiwaka, wageni wanalalamika sakafu inalowa. Kijana wangu wa kazi anataka kuiziba na plagi. Aizibe?*
Mwenye gesti, Mikindani

Asizibe! Maji yakichemka yanatanuka, lita 50 kutoka nyuzi 25 mpaka 65 zinaongezeka kama lita 0.8, glasi tatu hivi, na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma ikiwa imefunga hayo maji hayana pa kwenda zaidi ya pale. Kudondosha wakati inachemka ndo kazi yake. Ukiziba, siku thamostati, kile kinachokata umeme maji yakishapata moto, itakapogoma kukata lile tenki litapasuka, na liko ukutani juu ya kichwa cha mgeni. Funga kimpira kwenye kile kidomo mpaka kwenye tundu la maji machafu, kiwe wazi mwisho wake, basi. Inayodondosha hata hita ikiwa imezimwa kutwa nzima hiyo vali ina uchafu au imechoka, nunua mpya. Na thamostati weka 60, ukishusha hadi 40 kwa kuokoa umeme wa LUKU unafuga bakteria ndani ya tenki, ila wape wageni tahadhari wachanganye na ya baridi kwanza kwa sababu maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto haraka zaidi.

*Fundi samahani hili si la Mtwara. Mdogo wangu wa kike anasoma Glasgow, amepanga na wenzake. Anasema kile chuma cha joto cha ukutani chumbani kwake chini moto juu baridi, na mashine ya jikoni inaonyesha 0.4. Mwenye nyumba hajibu simu. Ananiuliza mimi kwa kuwa nafanya kazi hadwea, mimi mwenyewe sijawahi hata kukiona hicho kitu.*
Dada mtu, Ligula

Dada, usiombe samahani. Nyumba za kule joto linasafiri kwa maji. Ile mashine ya jikoni ni boila, mara nyingi ya gesi, inachemsha maji na pampu inayazungusha kwenye mabomba mpaka kwenye vile vyuma, vinaitwa radieta, yanatoa joto yanarudi. Ni maji yale yale yanazunguka. Juu baridi chini moto maana yake upepo umekaa juu na maji hayafiki. Ingekuwa kinyume, chini baridi, hapo ni matope ya kutu na lazima fundi.

Upepo anautoa mwenyewe. Azime joto, asubiri radieta ipoe kabisa, atafute ule ufunguo mdogo wa radieta unauzwa maduka ya vifaa, aweke kitambaa chini ya kile kiskurubu cha juu pembeni, akifungue nusu mzunguko hivi bila kukitoa. Utalia fsss, ukianza kutoa maji afunge.

Ile 0.4 ni presha. Boila nyingi zikiwa baridi zinataka kati ya 1 na 1.5, chini ya hapo nyingine zinagoma kuwaka, na akitoa upepo itashuka zaidi. Chini ya boila kuna koki ya kujazia, aangalie kitabu cha boila, afungue taratibu ifike 1.2 au hapo hapo, afunge vizuri. Mfuniko wa boila asiuguse, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa kule, na sheria ya Uingereza inamtaka mwenye nyumba wa kupangisha akaguliwe mitambo ya gesi kila mwaka. Amuombe hati ya ukaguzi.

Kitu kingine muulize leo leo, kama kuna kengele ya kaboni monoksidi karibu na ile boila. Scotland tangu Februari 2022 ni lazima nyumba yenye mtambo wa kuchoma gesi iwe nayo. Hewa ile haina harufu. Wakianza wote kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu wakiwa ndani na wakitoka nje wanapata nafuu, wazime boila, wafungue madirisha, watoke, wapige 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi ya kule, ni bure na ni saa 24.

Akishaongeza presha apige picha ile namba kila asubuhi kabla joto halijawashwa, siku tatu mfululizo. Ikishuka tena chini ya 1 kuna mahali maji yanavuja, hapo aache kujaza jaza, amwandikie mwenye nyumba kwa maandishi si simu, aambatanishe zile picha tatu na tarehe zake.